Vifaranga wa bata waliochaguliwa dume na jike siku ya kwanza: nilinunua barabara ya Majanji, nimengoja miezi sita ndio naandika

Habari zenu wafugaji wenzangu, hasa nyinyi wa Busia, Tororo, Bugiri na upande wote huu wetu. Hii habari nimekaa nayo miezi sita. Sikutaka kuandika mapema kwa sababu kifaranga wa bata wa siku moja muuzaji anaweza kukuambia ni jike na wewe huna cha kumjibu, jibu analitoa bata mwenyewe akishakua. Sasa wangu wamekua, wanataga, nimewahesabu mara mbili, ndio naweza kuongea.

Ninayeandika habari zake ni mama mmoja anayetotolesha bata kwake nyumbani, ukitoka Busia mjini na barabara ya kwenda Majanji, kabla hujafika Lumino. Hana bango. Jina lake siliweki hapa maana hakuniomba nimtangaze, ila ukishuka kwenye steji ya boda pale ukauliza mama anayetotolesha bata utapelekwa mpaka mlangoni. Anauza bata weupe wa kizungu, Pekin, na bata wetu wa kienyeji wale wenye nyama nyekundu usoni. Wengi wanauza hao wote, hilo si jipya. Kipya ni kwamba yeye anamwangalia kila kifaranga kabla hujalipa na anakwambia huyu dume huyu jike, na bei inatofautiana. Mimi nilimkuta jike ni shilingi 8,000 za Uganda, dume 4,000, na kama unataka tu mchanganyiko bila kuangaliwa ni 5,500.

Najua mtu atasema 8,000 ni nyingi kwa kifaranga wa siku moja. Mimi pia nilisema hivyo. Lakini ngoja niwaambie kwanza nilichopitia mwaka jana ndio mtaelewa kwa nini leo nalipa bila kubishana.

Mwaka jana nilinunua vifaranga 20 wa Pekin kwa muuzaji mwingine, simtaji wala sisemi anauzia wapi. Nilimwambia wazi kabisa, mimi biashara yangu ni mayai, nina mama mwoka keki anayechukua mayai ya bata kwangu kila wiki maana anasema keki inaumuka vizuri zaidi, kwa hiyo nataka majike. Akanijibu hakuna shida mama, akawa anamshika mmoja mmoja anamtanua bawa, anaangalia manyoya, anasema huyu jike, huyu jike, huyu weka pembeni. Ilionekana kama kazi ya mtu anayejua. Nikalipa, nikaenda.

Wale 20 walipokua walitoka madume 13 na majike 7.

Nilikuja kujua baadaye kwamba ile ya kuangalia bawa ni ya kuku, tena si kuku wote, ni wale wa mbegu maalum waliozalishwa makusudi ili dume na jike waote manyoya ya bawa kwa kasi tofauti. Ata kuku wetu wa kienyeji ukimtanua bawa halikuambii kitu. Kwa bata ndio kabisa. Yule mtu alichukua elimu ya kuku akaipeleka kwa bata na mimi nikalipia.

Sasa hasara yenyewe. Watu wengi wanafikiri hasara ya madume mengi ni kukosa mayai tu. Hapana jamani. Bata dume si kama jogoo, bata dume akikosa majike ya kutosha wanakuwa wanne watano kwa jike mmoja, wanampanda kwa zamu, wanamng'oa manyoya ya shingoni mpaka ngozi inabaki nyekundu, na wakimpatia kwenye maji wanamzamisha. Nilikuwa na jike mmoja mpole sana, ndiye wa kwanza kutaga kwangu. Nilimkuta asubuhi kwenye lile beseni kubwa la maji amekufa, kichwa kimelala chini na shingo haina unyoya ata mmoja. Niliumia kwa sababu sikuwa najua kwamba kosa lilianza siku ile ya bawa. Wengine wawili waliacha kutaga kwa kuogopa, walikuwa wanajibanza nyuma ya tanki siku nzima. Ata kuku wangu hawakupona, dume la bata likikosa jike linamfuata kuku, na kuku mwili wake haukuumbwa kwa ile kitu, bata dume ana uume kweli na jogoo hana, kuku anaweza kuumizwa ndani akafa. Ukifuga pamoja watenganishe.

Kipimo wanachotumia wafugaji wengi ni dume 1 kwa majike 4 mpaka 6. Mimi nilikuwa na karibu madume mawili kwa jike mmoja.

Alafu chakula. Kwangu bata mkubwa wa Pekin anakula karibu robo kilo kwa siku ya pumba na vingine, ukiachia majani. Madume 11 ya ziada nimeyalisha miezi miwili zaidi ya muda wa kuyauza kwa nyama, kwa sababu sikuwa najua kuyatofautisha, nilikuwa nangoja yatage! Piga hesabu, ni kama kilo 165 za chakula. Pesa hiyo ingetosha kununua majike walioangaliwa ata kumi na zaidi.

Basi turudi kwa huyu mama.

Nilifika asubuhi siku ya Jumanne, ndiyo siku vifaranga wake wa wiki hiyo walikuwa wanatoka. Kumbuka Pekin anakaa siku 28 kwenye yai na bata wa kienyeji siku 35, kwa hiyo yeye hesabu zake za inkubeta, ile mashine ya kutotolesha, anazipanga mbele na anakupa tarehe. Akaniambia kwa simu jambo moja ambalo muuzaji wa kwanza hakuniambia kamwe: njoo siku ile ile au kesho yake, ikifika siku ya nne mimi siwashiki tena, usiniombe.

Sababu nikaiona kwa macho. Nilimwomba nisimame karibu akanikubalia, akanipa kigoda. Alinawa mikono, akaikausha na kuipasha moto kidogo kwenye jiko maana mkono wa baridi unamshtua kifaranga. Dirishani kuna mwanga mzuri na ameweka taa nyingine juu ya meza. Anamlaza kifaranga mgongo chini kwenye kiganja, mkia ukimwelekea yeye, anaukunja mkia nyuma polepole na kidole, kwanza anambinya kidogo kinyesi kitoke kwenye bakuli, alafu dole gumba mbili anaziweka pande mbili za kile kitundu cha haja anakifungua kwa upole sana. Kama ni dume kuna kitu kidogo kinachomoza, cheupe cheupe, kama chipukizi la harage lililolowekwa. Kama ni jike hakuna, unaona mikunjo tu ya nyama. Basi. Sekunde chache ameshamweka kwenye boksi lake, majike kushoto na madume kulia, na kila dume anapakwa tone la rangi ya kucha kwenye ukucha wa mguu.

Nikamuuliza mbona kuku inasemekana ni kazi ngumu ya watu waliosomea, na wewe unafanya haraka hivi? Akanijibu mwanangu, kuku dume hana kitu cha kukuonyesha, bata anacho. Na ni kweli. Ndege walio wengi duniani, kama 97 katika 100, dume hana uume, lakini bata na bata bukini wako kwenye wale wachache wenye nao. Kwa kifaranga wa kuku mtu anatafuta kinundu kidogo sana ndani ya mikunjo, na ile mbinu ilitoka Japani miaka ya 1920, mpaka leo watu wanakaa darasani na mazoezini muda mrefu kuijua. Kwa bata macho ya kawaida yanatosha, mradi mkono uwe mwepesi.

Mradi mkono uwe mwepesi, narudia, kwa sababu hapa ndipo naomba msikimbilie kujaribu nyumbani baada ya kusoma hii. Kifaranga wa siku moja bado ana kiini cha yai tumboni, ukimkamua kwa nguvu unampasua ndani na anakufa baada ya siku moja au mbili na hutajua sababu. Na kuanzia siku ya tatu ya nne kile kitundu kinakaza, ukilazimisha unamchana. Kwake yeye alikuja mteja mwingine siku ile na vifaranga wa wiki mbili aliowanunua kwingine, anaomba waangaliwe, akakataa kabisa ata alipoongezewa pesa. Alimwambia kaa nao mpaka waanze kuongea. Mimi hapo ndipo nilimwamini. Mtu anayekataa pesa kwa sababu ya kifaranga si mtu wa kukudanganya kirahisi.

Kuna jingine alilonionyesha ambalo mimi nililipenda kuliko yote, ingawa sikulinunua. Kwenye bata wa kienyeji ana dume moja la rangi ya kahawia, rangi ya chokoleti kabisa, na amelitenga na majike meusi matupu. Watoto wao wakitoka kwenye yai huhitaji kumshika yeyote. Waliotoka kahawia wote ni majike, waliotoka weusi wote ni madume, toka wakiwa na ule ukoya wa kwanza! Nilifikiri ni bahati lakini ni damu inavyotembea: kwa ndege mama ndiye anayeamua jinsia ya mtoto, dume ana zile alama za jinsia mbili zinazofanana, jike ana moja ya namna hiyo na nyingine tofauti, na ile kahawia imebebwa kwenye hiyo moja. Binti anaichukua kwa baba peke yake, kwa hiyo anafanana na baba. Kijana anachukua kwa wote wawili na weusi wa mama unafunika kahawia ya baba. Ukigeuza, dume jeusi na jike la kahawia, haifanyi kazi, watoka wote weusi. Na usichukue wale vijana weusi ukawafanya madume ya mbegu ukitegemea mchezo ule ule, wao wamebeba kahawia kwa siri, watakuvurugia. Haya yote mama aliyaeleza kwa kutumia maharage meusi na mekundu mezani, na mimi ambaye shule niliishia njiani nilielewa.

Mimi niliondoka na Pekin 24, majike 20 na madume 4. Shilingi 176,000. Kwenye boksi ametoboa matundu, ameweka nyasi kavu, sawa, hakuna la kusema.

Sasa matokeo, maana hilo ndilo mnalotaka.

Kifaranga mmoja jike alikufa wiki ya kwanza, alikuwa dhaifu toka njiani, simlaumu mtu. Wakabaki 23. Wiki ya tano na ya sita nikaanza kuwasikiliza, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu hii ndiyo njia ambayo kila mtu anaweza kuifanya nyumbani bila kumuumiza bata yeyote. Vifaranga wote wadogo wanalia pii pii sauti moja. Wakifika kama wiki ya tano, wengine wanachelewa mpaka ya nane, sauti inavunjika. Jike anaanza ule mlio wa nguvu tunaoujua, kwaa kwaa kwaa, unausikia ata ukiwa barabarani. Dume sauti yake inakuwa ndogo, ya kukwaruza, kama mtu aliyekaukiwa koo anayenong'ona. Watu wengi wanafikiri anayepiga kelele ndiye dume, kama jogoo, hapana, kwa bata mwenye kelele ni mama. Namna nzuri ya kupima ni kumshika mmoja mmoja ukamnyanyua, atalalamika, na atalalamika kwa sauti yake. Ukimsikiliza akiwa kundini huwezi kujua nani amelia. Mimi nilifanya jioni na binti yangu, yeye anaandika mimi nashika, kila aliyelia kwa nguvu tunamfunga uzi mwekundu mguuni. Na ukimsikia bado anachanganya, mara pii mara kwaa, muache, rudia wiki ijayo.

Matokeo ya uzi: kati ya 19 walioandikwa majike, 18 wamelia kike. Mmoja alinong'ona. Wale wanne wa rangi ya kucha wote walikuwa madume kweli, rangi yenyewe ilikuwa imeshafutika wiki ya pili lakini nilikuwa nimewafunga kamba kabla.

Nikangoja tena mkia. Pekin dume akishamaliza kuvaa manyoya ya ukubwa, miezi mitatu minne hivi, anaota yale manyoya machache juu ya mkia yaliyojikunja kwenda mbele kama ndoano. Jike hana. Kweli yule mnong'onaji akaota ndoano yake. Kwa hiyo ni kosa 1 katika 23. Ukilinganisha na yule wa mabawa, ambaye alinipa madume 13 katika 20 nilioomba majike, nafikiri hakuna la kujadili. Mtu ambaye angefumba macho akaokota tu angetoa karibu nusu kwa nusu.

Nikampigia simu kumwambia kosa lake, nikiwa na wasiwasi kidogo atasemaje. Hakubisha. Akaniambia niletee, nitakupa majike wawili wa siku moja. Nilipofika alimwangalia mkia, akasema hili ni langu, akanipa wawili. Hayo ndiyo makubaliano yake na wateja wote, mwisho ni bata akifika miezi minne, na lazima uwe umemletea bata mwenyewe, si picha.

Kwa wale wa bata wa kienyeji, muelewe kwamba hizi dalili mbili za sauti na mkia haziendi sawa. Hawa asili yao ni Amerika ya Kusini na ya Kati, si ukoo mmoja na Pekin, ndio maana ukiwachanganya watoto wanakuwa wagumba. Dume lao halioti mkia wa ndoano kabisa, usikae ukingoja. Na jike wao hapigi kwaa kwaa, anatoa mlio mdogo mwororo, dume linapumua hhaaa hhaaa kama nyoka mwenye hasira. Kitu cha kuwaangalia ni umbo. Wakitoka kwenye yai wote sawa, lakini kuanzia wiki ya tatu na ya nne dume anamwacha jike mbali, miguu minene, vidole vikubwa, kichwa kipana. Wakikomaa dume linaweza kufika mara mbili ya uzito wa jike, na zile nyama nyekundu usoni kwake zinajaa zaidi. Lakini linganisha waliotoka siku moja na wanaokula bakuli moja. Ukilinganisha wa kwako na wa jirani utajidanganya.

Siku ile alikuwepo mzee mmoja anasema yeye anachagua toka kwenye yai, lililochongoka ni dume na la mviringo ni jike, na kwamba ukitaka majike mengi upunguze moto wa inkubeta. Mama alimjibu kwa heshima tu, mzee wangu, umbo la yai ni la mfuko wa mama aliyelitaga, yule anayetaga ya kuchongoka atataga ya kuchongoka mwaka mzima, watoto wake wote watakuwa madume? Na moto ukiupunguza unaua tu, wanaobadilika kwa joto ni mamba na kasa. Mzee alicheka akanunua majike sita. Nimesikia pia watu wa kuning'iniza sindano kwa uzi waone inavyozunguka, na wa kumshika kifaranga miguu juu uone kama anakunja shingo. Naomba tuyaache haya, pesa inaliwa hapo.

Jambo jingine nililolipenda, hakuniacha niondoke na vifaranga bila kuniuliza nitawalisha nini. Nikasema chakula cha vifaranga wa kuku. Akasema sawa lakini bata anahitaji ile vitamini ya naiasini kuliko kuku, akiikosa miguu inapinda na anatembea kwa magoti, kwa hiyo ongeza hamira ya kutengenezea bia au mukene, wale dagaa wa ziwani, waliosagwa. Mimi nilitumia mukene wa Majanji wa kukauka, nasaga mwenyewe, na miguu yote imenyooka. Na akanikataza kabisa kuwapa mahindi au karanga zenye ukungu, ata kidogo. Hili mlichukue kwa uzito, ile sumu ya ukungu, aflatoksini, kifaranga wa bata ndiye anayekufa nayo haraka kuliko karibu mifugo yote tunayoijua. Sisi huku baada ya mvua mahindi yanaota ukungu ghalani na mtu anasema haya si ya watu, tupe bata. Unawaua.

Sasa na mimi niseme ambayo hayakunipendeza, maana sijalipwa na mtu kuandika.

Kwanza foleni. Anaangalia peke yake, kijana wake anasaidia kupanga tu. Mkija wateja wanne siku ya kutotoa mnakaa mpaka mchana, na vifaranga wa wa mwisho wanangoja bila chakula. Wanavumilia siku hiyo kwa sababu ya kile kiini tumboni, lakini mimi nikiwa na safari ya mbali ningeumia moyo. Angemfundisha yule kijana.

Pili, hapeleki. Mtu wa Mbale au Iganga lazima aje mwenyewe au amlipe boda, na boda anakimbiza kwenye vumbi, vifaranga wanafika wamelala ubavu. Nafikiri yule wangu aliyekufa aliumizwa na ile safari. Funika boksi na shuka jepesi na umwambie boda aende taratibu ata kama mtachelewa.

Tatu, madume. Anawauza rahisi na anakwambia wazi ni ya nyama, lakini yakibaki mengi bila mnunuzi sikuona mpango wake ni nini. Nilimuuliza akasema majirani huchukua. Kwa mfugaji wa nyama hii ni nafasi nzuri sana, shilingi 4,000 kwa Pekin dume ambaye kwa wiki 8 akilishwa vizuri anafaa kuchinjwa, na hana fujo za majike kama hakuna majike. Ata nyinyi wa hoteli hapo mjini mnaotafuta bata wa kuchoma, fikirieni hilo.

Nne, malipo ni ya mkononi au kwa simu, lakini risiti hakuna. Anaandika kwenye kitabu chake majina na idadi, na ndicho alichofungua niliporudi na lile dume. Mimi niliomba anipigie picha ule ukurasa, akakubali. Ombeni na nyinyi, ikitokea kitabu kimelowa mvua mna kumbukumbu.

Kama unafuga bata watano wa nyumbani wa kula sikukuu, usihangaike, chukua mchanganyiko wa 5,500, subiri wiki ya sita uwasikilize, chinja madume yaliyozidi. Lakini kama ni mayai, au una bwawa dogo na hutaki kuokota jike amezamishwa asubuhi, lipa ile 8,000. Ukipiga hesabu ya mchanganyiko, ili upate majike 20 unahitaji kununua kama 40, ni 220,000, na bado una madume 20 ya kulisha mpaka wiki ya nane. Mimi nililipa 160,000 kwa majike.

Leo asubuhi nimeokota mayai 14 kwa majike 18, kabla ya saa tatu, maana bata anataga usiku na alfajiri, usiwafungulie mapema watayaacha kwenye majani. Shingo zote zina manyoya. Madume nimebakiza matatu, moja nimemuuzia jirani ambaye la kwake lilichukuliwa na mbwa. Wale wawili wa fidia bado ni wadogo.

Anatotoa tena Jumanne ijayo, Pekin na wale wa dume la kahawia. Mimi nimeshaweka oda ya sita wa kahawia. Anayetaka tugawane usafiri kutoka Sofia, Busia mjini, aniambie kabla ya Jumapili, boksi linabeba 30.